Kiraka, Kamba na Soksi ya Sufu

Jumapili, 24 Agosti
Daftari hili nimepewa na mpwa wangu Inkeri. Lina miraba midogo midogo ya kuandikia sukari ya asubuhi, mchana na jioni. Nesi humpa moja kila mwaka, naye halitumii, kwa sababu kihisi alichobandika mkononi kinapima chenyewe na kuandika kwenye simu. Leo amekuja na mama yake, dada yangu Kaisu, tuchimbe viazi, akaliweka mezani kwangu.

"Mjomba, hadithi zako ziandike humu. Masikio yetu yapumzike."

"Halitamtosha," akasema Kaisu. "Litajaa kabla ya theluji."

Wanacheka, lakini kalamu mimi ninaijua. Jeshini niliwaandikia barua za mapenzi kikosi kizima, na harusi kumi na moja zikafungwa. Shule niliiacha darasa la tisa, au tuseme shule ndiyo iliyochoka kwanza. Mimi ni Reijo. Hakuna injini katika kata hii ambayo sijaifungua, na hakuna niliyoifungua ikakataa kuwaka, ukitoa moja ya mchungaji, nayo ilikuwa na laana.

Inkeri ana miaka kumi na tisa, anasomea kuendesha mashine za kukata magogo. Kisukari kilimkamata akiwa na miaka sita. Kongosho lake halitoi insulini hata tone, kwa hiyo maisha yake yamo ndani ya pampu anayoivaa kiunoni. Pampu hiyo inatimiza miaka minne mwezi wa Novemba na hospitali itampa mpya. Lazima achague ifikapo tarehe 30 Oktoba. Akishachagua ni miaka minne, kama jeshi.

Tulipomaliza nilimtuma apeleke viazi stoo, ile iliyochimbwa kilimani. Alikaa humo kama anachagua mchumba. Kila mwaka ni hivyo hivyo.

Jumanne, 26 Agosti
Mvua.

Jumamosi, 30 Agosti
Leo Inkeri alizipanga pampu mbili za mfano juu ya meza yangu, kati ya kahawa na mkate.

Ya kwanza nimeiita Kamba. Ni kama ile anayoivaa sasa: kiboksi kiunoni, na mrija mrefu unaoingia tumboni. Kampuni yake ni kubwa, ipo tangu zamani, na itakuwepo tukishazikwa sote. Ya pili ni Kiraka. Haina mrija. Unabandika kitako chake mkononi au pajani, unapachika kidude kidogo kama kisanduku cha kiberiti, basi. Ukienda sauna kuoga mvuke unakibandua, ukitoka unakipachika.

"Shida ni nini?" nikauliza. "Chukua Kiraka."

"Shida ni kwamba wanaokitengeneza wanatafuta mnunuzi, Mjomba. Wameshapunguza nusu ya wafanyakazi. Wengine wanasema watanunuliwa, wengine wanasema watafunga. Nesi Outi mwenyewe hajui."

"Basi huo si mjadala," akasema Kaisu. "Unachukua ya kampuni yenye miguu."

"Mama, huo mrija umenasa kwenye kitasa cha mlango mara tatu wiki hii. Wewe hujui."

"Kitasa hakiui."

Wakaanza kurushiana maneno, ikabidi niingilie. Niliwaeleza habari ya trekta langu. Kiwanda chake kilikufa mwaka niliopata kipaimara, na trekta bado linavuta magogo. Kwa nini? Kwa sababu nilizunguka nyuma ya maghala ya watu nikakusanya matatu yaliyokufa, nikayavua kila kitu, nikaweka. Akiba haiozi. Mwaka wa tisini na nne injini ya boti ilikatika gia katikati ya ziwa, kiwanda chake nacho hakipo. Nilichonga gia mpya kwa taya la samaki na kisu cha mfukoni, nikafika ng'ambo kabla kahawa haijapoa.

"Jana taya lilikuwa la sangara," akasema Inkeri.

"Lilikuwa la samaki mkubwa. Usinikatize."

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeanza. Kuna mwalimu mstaafu mjini Sotkamo aliyevaa Kiraka mwaka mmoja, gundi ikamwasha ngozi, akarudi kwenye kamba. Vitako vyake vyote, na vichupa vitupu vya kujazia insulini, vimebaki kabatini. Nilimpelekea soseji za hirvi, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu, za mwaka jana na ndoo ya beri nyekundu. Akanipa maboksi sita akasema nimemsaidia kupata nafasi ya viatu.

Jioni sauna.

Jumamosi, 13 Septemba
Maboksi manne mengine, kutoka kwa fundi bomba wa Kuhmo. Huyu alitaka nimtengenezee msumeno wake wa injini. Nilimtengenezea akiwa bado anatafuta miwani.

Kila boksi limeandikwa: weka mahali pakavu. Nimefikiri sana. Stoo ya viazi ina unyevu, ukuta unatoa jasho. Kibanda cha trekta kina panya. Nyumbani Kaisu angeyaona akaanza maneno. Mahali pakavu kuliko pote katika ardhi yangu ni darini, juu ya sauna. Hapo ndipo marehemu mama alipokuwa akianika mikate na sufu. Nimeyapanga vizuri, nikafunika kwa gunia.

Kisha nikawasha sauna, maana ni Jumamosi.

Jumapili, 14 Septemba
Nimemwambia Inkeri. Tulikuwa na Kaisu mezani.

"Kampuni na ife leo jioni. Mimi nina vitu vya miaka minne."

Aliacha kutafuna. "Miaka minne? Kweli, Mjomba?"

"Miaka minne. Kavu kama Biblia."

Hesabu kamili ni miezi kumi na minne. Lakini mdomo ulishafika, na mtoto alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu alipokuwa mdogo. Nitaongeza mengine.

Jumamosi, 20 Septemba
Sauna.

Jumamosi, 27 Septemba
Sauna. Jalidi ya kwanza, kuni tatu za ziada.

Jumamosi, 4 Oktoba
Sauna. Mvuke mzuri kupita yote mwaka huu. Fundi wa Kuhmo aliyeniletea msumeno mwingine alikimbilia ziwani baada ya dakika nne. Mimi nilikaa saa nzima na robo, nikala soseji humo humo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Msimu wa kuwinda hirvi umefunguliwa. Asubuhi tulikutana kwenye kibanda cha wawindaji, watu kumi na wawili kwenye fulana za rangi ya chungwa, na mbwa. Kiongozi wetu ni Bi Vieno. Ana miaka sabini na moja, na miaka mitatu iliyopita alinishinda uongozi kwa kura saba dhidi ya moja. Ile moja naijua ilitoka wapi.

Kila mtu alichovya mkono kwenye kofia akatoa kibao chenye namba ya kituo chake. Kisha Bi Vieno akasema anayosema kila mwaka:

"Unakaa kituoni mpaka nikuite kwenye redio. Hirvi akipita, akikosa kupita, mvua ikinyesha, mke akijifungua. Kuna bunduki kumi msituni. Anayetembea bila ruhusa ni nyama."

"Mimi miaka thelathini na moja sijawahi kuondoka kituoni," nikasema. "Mwaka ule dubu alikuja akanywa kahawa kwenye kikombe changu, nikakaa."

"Aliweka sukari?" akauliza Bi Vieno.

Wakacheka wote. Mwanamke yule hana heshima. Anaongoza kwa kufuata daftari la sheria, hana pua ya msitu.

Inkeri ndiye anayemwongoza Halla, mbwa wetu wa kijivu. Yeye hakai kituoni, anatembea na mbwa kutwa nzima ndani ya msitu, kilomita kumi na tano, ishirini. Hakuna mwingine mwenye miguu hiyo.

Hatukupata kitu.

Jumapili, 12 Oktoba
Mvua ya mawe. Hakuna.

Jumamosi, 18 Oktoba
Naandika polepole, nianze mwanzo.

Namba yangu leo ilikuwa saba, ukingoni mwa kinamasi. Baridi nyuzi nne chini ya sifuri. Kifuani, ndani ya shati, nilikuwa na ile soksi.

Habari ya soksi sijawahi kumwambia mtu. Inkeri alipotoka hospitali akiwa na miaka sita, nesi alinionyesha kalamu ya insulini, ile ya kudunga kwa mkono, akasema akiba ya namna hii iwepo popote mtoto alipo, isigande, isichemke. Kaisu alinipa moja. Niliitia kwenye soksi ya sufu aliyofuma mama, nikaitundika kwenye msumari ndani ya stoo ya viazi, ambako ni baridi sawasawa mwaka mzima. Kila ninapokwenda msituni na Inkeri naivaa kifuani. Haijawahi kutumika. Si jambo la kusimulia.

Saa saba na kitu Halla alianza kubweka upande wa ziwa. Ule mbweko mzito, wa pale pale, maana yake amemsimamisha hirvi mkubwa. Kisha nikasikia sauti ya Inkeri kwenye redio. Ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mjomba. Una ile soksi?"

Nikasema ninayo. Nilikuwa najiuliza amejuaje.

"Mrija umechomoka. Nadhani tangu asubuhi, nilipopita chini ya misonobari. Nilisikia kitu kinavutwa, nikadhani mkanda. Simu imezimika kwa baridi. Nimetapika mara mbili. Kalamu yangu imebaki kwenye koti la buluu."

Asiyejua hili, na alijue: mwenye ugonjwa huu akikaa saa sita bila insulini, damu yake inaanza kuwa sumu. Hakuna chakula wala maji ya kuzuia.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshainua mguu, bunduki kumi msituni au ishirini. Redio ikatoa sauti ya Bi Vieno.

"Wote. Toeni risasi. Bunduki wazi, chini. Nataka namba moja moja."

Mtu akasema, "Bi Vieno, mbwa amemshika dume kubwa, dakika mbili tu—"

"Namba moja."

"Moja, wazi."

"Mbili, wazi." Hivyo hivyo mpaka mwisho, haikufika nusu dakika. Mimi nilisema, "Saba, wazi." Wa mwisho alipomaliza, Bi Vieno akasema: "Reijo, nenda. Yuko kwenye jiwe lililopasuka, kaskazini ya kijito. Mimi nakuja na pikipiki ya magurudumu manne kwa njia ya magogo."

Nilipiga hatua tano. Hapo kinamasi kikafunguka, na yule dume akatoka. Halla alikuwa amemwacha, alirudi kwa Inkeri. Sijaona hirvi wa namna hiyo, na nimeona wengi kuliko ninaokubali. Pembe kama milango miwili. Alisimama hatua thelathini, mvuke ukimtoka puani, akanitazama, nami bunduki yangu tupu iko chini. Nikamwambia, "Pita, nina haraka." Akapita.

Kilomita mbili za kinamasi nilizikimbia. Nina miaka hamsini na sita na goti bovu. Sitaandika nilizikimbia kwa dakika ngapi, kwa sababu sijui.

Alikuwa ameketi ameegemea jiwe, Halla amemlalia miguuni. Midomo mikavu. Pumzi yake ilinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nilitoa soksi.

"Nikudunge?"

"Kipimo nakijua mimi. Lete."

Akazungusha kalamu mwenyewe, akahesabu kwa sauti, akainua shati, akadunga. Kisha akaomba maji, akanywa chupa yangu yote. Tulikaa. Nilimshika mkono kama nilivyomshika siku ile alipokuwa na miaka sita.

"Ilikuwa vuguvugu," akasema. "Kalamu."

"Ni sufu."

Bi Vieno alifika, akamfunika blanketi, akampeleka kwenye gari. Hospitali walimtundikia dripu, jioni wakamruhusu. Yuko nyumbani kwa mama yake, amekula.

Bi Vieno alinipigia simu. "Umefanya vizuri kungoja niseme," akasema.

Sikumwambia kuwa mguu ulikuwa hewani. Nadhani anajua.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimeitazama ile kalamu kwa miwani. Imeandikwa kuwa itaisha muda Juni mwaka ujao. Miaka kumi na tatu ndani ya soksi na bado nzima. Ndiyo vitu vya zamani hivyo, vilitengenezwa na watu waliojua kazi. Na sufu ya mama. Nimeirudisha kwenye msumari wake, ina uhai wa miaka mingine kumi na tatu.

Lakini bado najiuliza Inkeri alijuaje.

Ijumaa, 24 Oktoba
Inkeri amekuja kwa baiskeli. Amepona kabisa.

"Nimeamua, Mjomba. Kiraka. Sirudi tena msituni na kamba. Mama amenuna, lakini nimemwambia hata kampuni ikifa, vitu vyako vipo."

"Vipo," nikasema.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nilipanda darini nimchukulie boksi moja la kumwonyesha Kaisu, atulie.

Gundi imeyeyuka. Vitako vyote vimeshikamana na karatasi zake, na karatasi zimeshikamana na maboksi. Vichupa vimepinda kama masikio ya mbwa. Jumamosi tano nimewasha sauna chini yake. Palikuwa pakavu, ndiyo. Palikuwa pakavu kama tanuri.

Akiba haiozi, husema watu. Hakuna aliyesema haioki.

Leo sikuwasha.

Jumapili, 26 Oktoba
Mvua.

Jumatatu, 27 Oktoba
Mvua. Nimefikiri: naweza kukusanya mengine kabla hajajua. Kuna mtu mwenye vitako mjini Iisalmi.

Jumanne, 28 Oktoba
Mtu wa Iisalmi amehama.

Jumatano, 29 Oktoba
Kaisu alipiga simu. "Kaka, kesho utampeleka wewe, mimi niko zamu jikoni shuleni. Na niambie ukweli, hayo maboksi yapo?"

Nikasema mtandao ni mbaya.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imebaki kilomita sitini, mpaka hospitali ya Kajaani.

Alhamisi, 30 Oktoba
Tulisimama kituo cha mafuta kwa kahawa na andazi, kama kawaida. Yeye alidunga— hapana, alibonyeza pampu, ile ya zamani, na akala. Mimi andazi nililisogeza kando.

"Inkeri. Hayapo."

"Nini hayapo?"

"Maboksi. Yapo, lakini yameungua. Niliyaweka juu ya sauna." Nikaona afadhali nimalize yote kwa mkupuo mmoja. "Na hayakuwa ya miaka minne. Yalikuwa ya miezi kumi na minne."

Hakucheka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa nimeyategemea, Mjomba. Nilimwambia mama nachukua Kiraka kwa sababu ya hayo maboksi."

"Najua."

"Uliniambia kavu kama Biblia."

"Kavu yalikuwa kavu."

"Usifanye mzaha sasa hivi."

Basi sikufanya. Tulipanda gari. Kilomita arobaini alitazama misonobari. Mimi nimewahi kuendesha gari lisilo na breki kutoka mpakani mpaka nyumbani, na hilo ni kweli, lakini safari ndefu kuliko hiyo ya leo sijaendesha.

Nesi Outi alimfahamu Inkeri akiwa na meno ya utotoni. Pampu zote mbili zilikuwa mezani. Alieleza tena habari za kampuni, akasema hakuna jipya. Nilitaka kumchangamsha nesi, nikamweleza jinsi kalamu ilivyokaa miaka kumi na tatu ndani ya sufu na bado ikafanya kazi. Akamtazama Inkeri. Inkeri akatazama dirisha.

"Sufu ni kitu kizuri," akasema Nesi Outi.

Kisha Inkeri akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyeliuliza tangu Agosti. Sote tulikuwa tunauliza kampuni itaishi au itakufa, kama watabiri wa hali ya hewa. Yeye akasema:

"Tuseme imekufa. Nimeamka asubuhi, hakuna vitako vipya. Siku hiyo nafanya nini?"

Nesi akavuta karatasi. "Siku hiyo una kalamu kwenye friji, na kipimo chako kimeandikwa hapa. Unanipigia simu. Vifaa tunakupa vya miezi mitatu mitatu, kwa hiyo huenda ukawa navyo bado. Pampu nyingine tunalazimika kukupa, hilo si juu yako. Tuseme wiki mbili mpaka ifike na ufundishwe kuitumia."

"Wiki mbili za kalamu."

"Wiki mbili za kalamu. Unakumbuka namna yake?"

"Nimesahau kidogo." Akaishika Kamba, akaupima mrija kwa vidole, akaiweka. "Wiki mbili naziweza. Miaka minne ya kamba siiwezi. Naomba Kiraka. Lakini kabla ya hapo nataka wiki moja ya kalamu tupu, nijikumbushe."

Nesi Outi akaandika. Ikawa imekwisha hivyo, kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuchagua soseji.

Kwenye gari nilisema, "Ningekushauri vilevile."

"Mjomba."

"Ninyamaze, najua."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka kituo cha mafuta, kila akikumbuka akisema, "Juu ya sauna."

Jumamosi, 8 Novemba
Wiki ya kalamu. Inkeri anapima, anahesabu viazi kwenye sahani, anadunga. Leo, siku ya pili, alikosea, sukari ikashuka, akanywa juisi akakaa kwenye kisiki mpaka ikapanda. Mimi nilikuwa kituo cha tatu, niliona kwa darubini. Sikusogea.

Bi Vieno alimpiga hirvi jike saa nne. Risasi moja. Nilimsaidia kuvuta, akaniuliza jinsi ya kuokoa pikipiki yake isiyowaka kwa baridi. Ni mtu wa busara ukimzoea. Mwaka kesho kura yangu naijua pa kuipeleka.

Alhamisi, 13 Novemba
Theluji. Kiraka kimewekwa, mkono wa kushoto.

Jumamosi, 22 Novemba
Karamu ya hirvi kwenye ukumbi wa kijiji, kama kila mwisho wa msimu. Masufuria mawili ya supu kwa wenye ardhi na majirani wote. Watu waliposhiba wakaanza: Reijo, hadithi. Nikasimama, nikasimulia habari ya yule dume aliyenitazama hatua thelathini, bunduki yangu ikiwa tupu. Neno kwa neno, sikuongeza hata unywele.

Hakuna aliyeamini. Fundi wa Kuhmo aliomba nirudie ile ya dubu, ilikuwa na ukweli zaidi. Bi Vieno peke yake hakucheka. Alisema, "Nyayo zake niliziona," akaendelea kula.

Inkeri alikuwa anasoma kitu kwenye simu. Akanisogezea. Kampuni ya Kiraka imenunuliwa. Jina litabadilika, vifaa vitaendelea kutumwa, kwa sasa.

"Kwa sasa maana yake nini?" akauliza Kaisu.

"Maana yake kwa sasa, mama. Nipitishie mkate."

Akajipa insulini ya mkate ule kwa kubonyeza mkononi, bila kusimama, bila kufunua shati. Kaisu aliona. Alimpa kipande cha pembeni, kile kinachopendwa.

Jumapili, 23 Novemba
Leo nilikwenda stoo ya viazi kuchukua vya chakula cha mchana. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Inkeri alikuwa amesimama mbele ya msumari, soksi ya mama mkono mmoja, kalamu mpya mkono wa pili.

Tulitazamana.

"Ile ulishaifungua tarehe kumi na nane Oktoba," akasema. "Ikifunguliwa inakaa wiki nne tu."

"Mimi sikuifungua. Wewe uliifungua. Na ni ya miaka kumi na tatu."

"Mjomba." Alisema taratibu, kama mtu anayemshusha mzee ngazi. "Zinaisha muda. Miaka ya mwanzo mama ndiye alikuwa anabadilisha. Nilipofika kumi akaniachia mimi. Kila Agosti, tukileta viazi."

Nikaikumbuka kila Agosti. Nikajikumbuka nimesimama nje nikipiga kelele: viazi ni viazi, chagua utoke.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa hutaki mtu ajue unaibeba."

Nilichukua viazi. Yeye akaiingiza kalamu kwenye soksi, akaikunja mdomo, akaitundika.

Sasa nimekaa na daftari hili. Limebakiza kurasa tele, Kaisu amekosea. Nimeitazama miraba yake, ile ya asubuhi, mchana na jioni, ambayo nimeandika juu yake msimu mzima kana kwamba haipo. Nimefungua ukurasa wa Agosti ya mwakani. Kwenye mraba wa asubuhi nimeandika: badilisha kalamu. Kwenye mraba wa mchana: mwenyewe, si Inkeri. Kwenye wa jioni nimeandika: viazi.